Dripu Sita Zilizonirudishia Kicheko

Naandika haya nikiwa mzima. Sisemi nimepona kabisa, maana daktari wangu halipendi neno hilo. Lakini leo asubuhi nimeamka mwenyewe, nimekaanga mayai, nimekula yangu mawili pamoja na nusu ya la mume wangu, na nimeimba nikiosha vyombo. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua ugonjwa wangu, hizo si habari za kuandikia. Wewe unayeugua sasa, uliyelala umegeukia ukuta huku watu wa nyumbani wakipita kwa kunyata, najua umenielewa. Nakuandikia wewe.

Jina langu ni Mwamini. Nilizaliwa Uvira, kando ya ziwa, na sasa nimeishi Durban miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu. Kazi yangu ni kusuka nywele. Saluni yetu iko katikati ya mji, juu ya duka la simu, na ukiingia utasikia Kiswahili cha kila namna, cha Bukavu, cha Kigoma, cha Nairobi, na Kifaransa kimemwagwa humo kama chumvi. Mume wangu, Déo, anafanya kazi Pinetown kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki. Tuna mtoto mmoja, Grâce, ambaye mwaka huu yuko matric, darasa la mwisho la sekondari, na anaongea Kizulu kama aliyezaliwa nacho.

Ugonjwa ulinianza baada ya kifo cha mama yangu. Alifia Uvira, na kwa karatasi hizi za ukimbizi sikuweza kwenda kumzika. Nilitazama mazishi kwenye simu. Picha zilikuwa zinakatika, mara naona jeneza, mara naona kidole cha mdogo wangu kimeziba kamera. Nililia kama watu wote wanavyolia. Kisha machozi yakaisha, na hapo ndipo ubaya ulipoanza, kwa sababu baada ya machozi hakikuja kitu kingine. Nilikuwa naona wali, najua ni wali, nauweka mdomoni, na ni kama natafuna karatasi. Mteja akinisimulia kichekesho nilijua mahali pa kucheka, nikacheka kwa adabu, halafu nikageuka kutafuta kitana.

Vidole vikawa vizito. Kichwa nilichokuwa nasuka kwa saa nne kikanichukua siku nzima, na wateja ni watu wa haraka. Mwisho nikabaki nyumbani. Kile kiangazi cha kwanza, kuta zikitokwa jasho kwa joto la Durban, mimi nilikuwa nimejifunika blanketi. Daktari wa kliniki akasema ni sonona, akanipa vidonge. Vya kwanza vilinikausha mdomo na kuninenepesha hadi pete ya ndoa ikabidi ikatwe. Vya pili vilininyima usingizi na kuning'oa nywele za mbele. Fikiria msusi mwenye kipara! Nilinyoa zote nikavaa kitambaa, na hilo nalo sikulijali, na kule kutojali ndiko kulikomwogopesha Déo kuliko kipara chenyewe.

Kanisani walituombea. Simdharau mtu hapa. Mama Pasta alikuja nyumbani kila Jumatano, akanishika miguu, akafunga kula kwa ajili yangu, na sufuria zake za sombe, majani ya muhogo, zilimlisha mtoto wangu wakati mimi siwezi kuwasha jiko. Alipoona mwaka unapita aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, labda Mungu anataka kupitia kwa daktari mwingine." Namshukuru sana kwa neno lile, kwani wapo wengine waliosema ni pepo, tena mkaidi.

Jambo lililoniuma zaidi, hata katika ule ubutu wangu, ni Grâce. Aliacha kuniomba chochote. Alifua mwenyewe, akapika, akasaini mwenyewe fomu za shule kwa mwandiko wangu. Akiongea nami alitumia sauti ile watu wanayotumia wodini. "Mama, nikuletee chai? Mama, nizime taa?" Mtoto wa miaka kumi na saba, hanijibu vibaya, haninunii, hapigi mlango. Majirani walimsifu. Mimi nilikuwa namtazama nikiwaza kwamba wangekuwa na raha zaidi nisingekuwepo. Wazo lile lilikuja taratibu sana, likaanza kukaa. Siku nilipolitamka mbele ya daktari wa kliniki, aliweka kalamu chini na kunipeleka siku hiyohiyo kwenye hospitali kubwa.

Kama na wewe unalo wazo hilo, kabla hujasoma mstari unaofuata, mwambie mtu. Mimi nilimwambia mtu, na yote ninayosimulia hapa yalifuata kutokana na hilo.

Nililazwa wiki mbili. Kabla sijatoka, daktari mmoja wa pale, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, alikaa kitandani pangu. Akasema kuna utafiti wanafanya kwa watu ambao vidonge vimewashinda. Wanatumia ketamini, dawa ambayo madaktari wanaitumia tangu zamani kulaza watu kwenye upasuaji. Wao wanatoa kidogo tu, kwa dripu, mara sita katika wiki tatu, na mgonjwa anabaki macho. "Utaona mambo," alisema. "Mengine ya ajabu. Yatapita. Inasaidia baadhi ya watu, si wote. Hutalipa chochote. Ila lazima uje na mtu wa kukurudisha nyumbani, kila mara, la sivyo hatukuwekei."

Nilikubali kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu nyingi zaidi.

Déo hakukubali. Alirudi kutoka kazini siku ya pili yake, hakuvua hata koti, akasimama katikati ya chumba.

"Mama Grâce, nimeuliza watu. Ile dawa iko ya farasi."

"Ya farasi?"

"Ya kulaza farasi! Kuna mzee pale kiwandani, alifanya kazi kwa mashamba ya wazungu, aliona na macho yake. Daktari wa nyama anachoma farasi sindano, farasi inaanguka, puu! Kama gunia."

"Na ikiamka inakuwaje?"

Déo alifikiri. "Ile sikuuliza."

"Basi kesho uulize."

"Mama Grâce, mimi siko nacheza. Na tena vijana wanainusa kwenye disko. Unataka nikupeleke kunusa vitu vya disko? Mimi siendi. Sitatia mkono wangu kwa ile kitu."

Alikuwa anaogopa, sasa najua. Alishanipoteza nusu, hakutaka kupoteza nusu iliyobaki. Lakini wakati ule nilisikia tu kwamba haendi, na Jumanne ya kwanza ya majira ya baridi niliondoka peke yangu.

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya kijani, dirisha lililokwama wazi, na hita moja ambayo wagonjwa walikuwa wanaizunguka kama moto wa kambini. Hapo nilikutana na watu wawili ninaowapenda hadi leo. Wa kwanza alikuwa mzee wa Kihindi wa Chatsworth, dereva wa basi mstaafu, mwenye suruali iliyopigwa pasi na fulana ya ndani inayoonekana shingoni. Kila mtu alimwita Uncle Reggie. Alikuwa amefikia dripu ya pili. Alinitazama kitambaa changu, akaniuliza kwa Kiingereza kama ndiyo mara yangu ya kwanza, nikaitikia kwa kichwa.

"Usiogope, mwanangu," alisema. "Ijumaa iliyopita nilikuwa kitunguu. Saa nzima. Si vibaya kuwa kitunguu, hakuna anayekuuliza kitu."

Sikucheka. Lakini nilimtazama vizuri, na ilikuwa siku nyingi sijamtazama mtu vizuri.

Wa pili alikuwa muuguzi, Sista Zuleikha. Naye ni wa Chatsworth, wa ule ukoo wa watu wanaoitwa Wazanzibari, ambao wazee wao waliletwa Durban enzi za mababu. Alisoma jina langu kwenye faili, akainua nyusi.

"Mwamini. Wewe sema Kiswahili?"

Nikashtuka. "Ndiyo, Sista."

"Mimi kidogo. Bibi yangu alikuwa na maneno. Njoo. Karibu. Kaa. Kula." Akacheka. "Maneno ya bibi, yote ya jikoni." Kisha akatazama nyuma yangu. "Mtu wako wapi?"

Nilimwambia sina. Sura yake ikabadilika. Alienda kwa daktari, akarudi, akaniambia kwa upole kwamba sheria ni sheria. Wangenisubiri hadi saa nne. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwingine, na orodha ya wanaongoja ilikuwa ndefu. Uncle Reggie alisema mkewe anaweza kunichukua, lakini mkewe hakunijua, na karatasi ilitaka mtu wa nyumbani.

Nilikaa. Sikuwa hata na uchungu. Niliitazama saa ya ukutani kama mtu anayetazama mvua.

Ilipobaki dakika kumi, mlango ulifunguka, akaingia Déo. Alikuwa na ovaroli ya kazini, chembechembe za plastiki za buluu zimemganda nyweleni, anahema kama aliyekimbia kutoka Pinetown kwa miguu. Alikuwa ameshaanza zamu, ikamshinda, akamwomba msimamizi ruhusa, akapanda taxi mbili, na ya pili ilipokwama kwenye robot, taa za barabarani, akashuka na kukimbia.

"Umesema huji," nilimwambia.

Alikaa kwenye kiti cha kijani, akapangusa uso kwa mkono wa ovaroli. "Sasa kama unageuka farasi, nani atakurudisha nyumbani?"

Uncle Reggie akauliza amesema nini. Sista Zuleikha, kwa maneno yake machache ya jikoni, akajaribu kumtafsiria, na chumba kizima kikaangua kicheko, Déo mwenyewe akiwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kumaliza.

Sasa nikueleze ilivyo, ili usiende ukiwa gizani. Wanakulaza kwenye kiti kinachokunjuka, wanakufunga mkanda wa presha, wanakuwekea kitambaa machoni na muziki masikioni, muziki usio na maneno. Sindano ni ya dripu ya kawaida. Baada ya dakika chache mdomo unakufa ganzi, kisha kiti kinaanza kushuka. Mimi kilishuka na kushuka. Nikatafuta mikono yangu nikaiona iko mbali sana, kama vile mikono iko Pinetown na mimi niko Durban. Niliogopa, nikasema, "Sista, mikono!" Nikahisi mtu ameishika. "Iko hapa," alisema. "Mimi nakaa hapa. Hapana ogopa." Hakuniachia kwa dakika zote arobaini. Hilo nalikumbuka kuliko yote niliyoyaona mara ya kwanza, ambayo yalikuwa rangi tu, na maji, na mimi ni mdogo kama punje.

Nilipoamka nilitapika. Déo alishika beseni, akaligeuza kuangalia chapa ya chini. "Hii si ya kwetu," alisema. "Ya kwetu ingekuwa na mshiko."

Hakuna kilichobadilika siku ile, wala siku iliyofuata. Usitarajie muujiza wa mara ya kwanza.

Ya pili, Ijumaa, karibu isifanyike. Presha yangu ilikuwa juu. Daktari mwenye viatu vya mpira alipima mara mbili, akasema kama haitashuka ndani ya saa moja atanirudisha nyumbani, na ikitokea tena Jumanne watanitoa kwenye utafiti, kwani dawa yenyewe hupandisha presha na hawezi kuhatarisha moyo wangu. Nikashangaa kujikuta naogopa. Nilikuwa sijataka kitu kwa muda mrefu mno, na sasa nilitaka ile dripu. Kutaka kwenyewe kulizidi kunipandisha presha. Sista Zuleikha alivuta kiti, akanifundisha kuvuta pumzi kwa kuhesabu, yeye anahesabu kwa Kiswahili cha bibi yake: moja, mbili, tatu, ine. Alikuwa anakwama kwenye sita kila mara, anaruka hadi nane. Nikamsahihisha. Akakosea tena, nikamsahihisha tena. Tulipopima, presha ilikuwa imeshuka. Mpaka leo sijui kama alikuwa anakosea kweli.

Ya tatu ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Nilishuka kama kawaida, mikono ikaenda zake, sikuitafuta. Kisha nikaanza kuona vichwa. Visogo. Vichwa vyote nilivyowahi kusuka maisha yangu, tangu watoto wa jirani Uvira hadi mabibi harusi wa Durban, vinapita mbele yangu kimoja baada ya kingine, kila kimoja na mistari yake. Nikadhani watanishukuru. Kumbe wamekuja kulalamika. "Mwamini, unavuta sana!" "Mwamini, hapa kwenye sikio umenikaza!" "Mwamini, siku tatu sikulala!" Wote kwa pamoja, kwa lugha zote, na nyuma kabisa nikasikia sauti ya mama yangu, ambaye nilimsuka tangu nina miaka minane: "Mkono wako ni wa kamba, mtoto huyu, si wa nywele!"

Ndivyo alivyokuwa akisema kweli. Kila Jumamosi, amekaa kati ya magoti yangu, ameshikilia kioo, ananipigia kelele.

Nikacheka. Sikupanga, kilitoka tumboni. Sista alidhani nalia, akaja mbio na karatasi laini, akakuta nacheka machozi yakinitoka chini ya kitambaa. Akamwita Déo. Nilimsikia anaingia, anasimama. Halafu nikasikia anakaa sakafuni, mgongo ukutani. Baadaye aliniambia alikuwa amekisahau kicheko changu, kwamba kina mlio mwishoni kama bawaba isiyotiwa mafuta. Miaka miwili hakuwa amekisikia.

Jioni ile nililia kwa ajili ya mama yangu. Kilio cha kawaida, chenye makamasi, cha mtu aliyefiwa. Kilinifaa kama chakula.

Ya nne ilikuwa tulivu, sina la kusimulia, ila nilipotoka nje nilihisi harufu. Mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma getini. Nikasimama. Déo akaniuliza kama nina kizunguzungu. Nikamwambia, "Nina njaa." Alinunua mahindi matatu na tukayala tumesimama pale pale, na mate yalinijaa mdomoni nikaona aibu.

Jumamosi iliyofuata ikaja habari kwamba samaki wameingia. Kila majira ya baridi sadini hupanda kutoka kusini kwa makundi makubwa, wavuvi wakivuta nyavu hadi mchangani, na mji mzima unakimbilia baharini na ndoo. Miaka yote niliyokaa Durban nilikuwa nasikia tu, niko kazini. Grâce aliona kwenye simu. Alisema kwa ile sauti yake ya wodini, "Mama, wanasema wako hapa karibu, upande wa kusini. Lakini kama umechoka..."

"Leteni ndoo," nilisema.

Zilikuwepo ndoo saba, maana mume wangu ni mtu wa kiwanda. Jirani mwenye gari dogo la mizigo alitupakia. Tulipofika, wavu ulikuwa ndio unaburutwa, watu wameuzunguka, mabibi wa Kihindi na sari zimefungwa magotini, vijana wa Kizulu wanaimba, wazungu na mbwa wao, na ndani ya wavu maji yote ni fedha inayorukaruka. Mimi ni mtoto wa Uvira. Nimekulia ndagala, wale dagaa wa ziwani, nimeanika ndagala, nimekula ndagala hadi nikaapa kutowala tena. Nilipandisha kitenge, nikaingia majini. Ni baridi ya Juni, inakata mifupa! Wimbi likanipiga kifuani, kitambaa cha kichwa kikaenda na maji, na upara wangu ukabaki hadharani, umeanza kuota vinywele kama vya mtoto mchanga. Bibi mmoja aliniangalia, akaninyooshea konzi mbili za samaki, akasema "Chukua, chukua," nami nikajaza ndoo, na samaki wengine wakaniingia kwenye blauzi, nikapiga mayowe.

Niligeuka kuwatafuta watu wangu. Déo alikuwa amesimama ukingoni, ndoo mikononi, anaita, "Mama Grâce, toka, utashikwa na baridi!" Grâce alikuwa ameweka mikono mdomoni. Kisha akatupa viatu na kuingia.

Tulikula sadini wiki nzima. Tulipeleka ndoo kwa Mama Pasta, nyingine saluni, na Jumanne nikapeleka sadini za kukaanga kwenye chumba cha kungojea. Uncle Reggie alipomaliza dripu yake alikula nne, akasema zinahitaji pilipili.

Dripu ya tano na ya sita zilinikuta mtu mwingine. Kazini nilikuwa narudi nusu siku, nasuka watoto tu kwanza, vidole vinajikumbusha. Uso wangu ulirudia umbo lake taratibu.

Lakini nisikudanganye. Uncle Reggie alimaliza sita zake kama alivyoanza. Dawa ileile, kiti kilekile, mikono ileile ya Sista Zuleikha, na yeye haikumsaidia. Alilia siku walipomwambia, nami nililia naye. Wamemjaribishia matibabu mengine, na sasa anaendelea afadhali kidogo. Hunipigia simu Jumapili kuniuliza nimepika nini. Kwa hiyo ukijaribu ikashindikana, usifikiri umeshindwa wewe. Zipo njia nyingine, na wapo watu wa kukaa nawe kwenye viti vya kijani.

Na mimi pia, mwishoni mwa Agosti, nilihisi rangi zinaanza kupauka. Wali ukawa karatasi tena siku mbili. Safari hii sikungoja. Nilipiga simu hospitali, wakanipa dripu moja ya kuongezea, na nikaendelea kuonana kila wiki na mshauri ninayezungumza naye habari za mama. Nimeambiwa huenda nikahitaji nyingine. Sawa. Déo ameshazoea njia.

Mambo madogo ambayo ningependa ningeambiwa mapema: usile asubuhi ya dripu. Vaa nguo pana. Sema ukweli kuhusu presha yako na kila kidonge unachomeza. Siku hiyo usiamue jambo lolote kubwa, na usishike kisu wala usukani. Na usiinunue mtaani, hata mtu akikuapia ni ileile; mtaani hakuna Sista wa kukushika mkono, na watu wameharibikiwa.

Nimalizie kwa Jumamosi ya juzi.

Grâce ana sherehe yao ya kuagana ya matric. Gauni limeshonwa, la kijani, na nywele nitamsuka mimi. Mchana ule alikuja jikoni na kuniambia, kama jambo lililokwisha kuamuliwa, kwamba baada ya sherehe wenzake wanakwenda kwa rafiki yao mmoja, na atarudi asubuhi.

"Utarudi saa nne usiku," nilimwambia. "Baba yako atakufuata."

"Saa nne? Mama! Saa nne ndiyo kwanza wanaleta chakula!"

"Basi kula haraka."

"Eish, mama, you're so unfair! Kila mtu anaenda! Wewe hauelewi kitu! Hauelewi kitu chochote!"

Akageuka, akaenda chumbani kwake, na akaupiga mlango. Aliupiga kwa nguvu zake zote. Vikombe vililia kabatini.

Déo alitoka sebuleni mbio, uso umempauka. "Mama Grâce, pole, usichukulie vibaya, ni mutoto, nitaongea naye, wewe kaa, kaa kwanza..."

Nilikuwa nimeshika meza. Machozi yalikuwa yananitiririka, na akadhani ndiyo yale yale.

"Umesikia?" nilimwambia.

"Nimesikia, pole, nitamuambia..."

"Baba Grâce, amenifokea! Umesikia alivyonifokea? Ameupiga mlango!"

Alinitazama. Kisha akaelewa. Akaketi kwenye stuli ya jikoni, akaanza kutikisika mabega, na tukacheka mimi na yeye, tumezibana midomo kwa taulo la vyombo ili mtoto asitusikie na kudhani hatukumchukulia kwa uzito.

Halafu nikapangusa macho, nikaenda kusimama mbele ya ule mlango, nikagonga mara mbili kwa kiganja, na kwa sauti ambayo hata majirani wa ghorofa ya juu waliisikia nikasema, "Saa nne kamili, Grâce. Na mimi mwenyewe nitakuwa mlangoni."